Nimepanga kufanya kazi nchi tatu, na hata moja haijaniita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji nchini Ujerumani. Niko muhula wa tatu kati ya minne. Masomo yetu yote ni kwa Kiingereza, ndiyo maana nilikichagua chuo hiki, na mpaka leo Kijerumani changu ni cha kuulizia basi na kuomba radhi nikimkanyaga mtu.

Kabla sijaondoka nyumbani nilitengeneza jedwali kwenye kompyuta. Miaka miwili ya kazi Ujerumani nipate uzoefu, kisha Kanada nikapate makazi ya kudumu, kisha Umoja wa Mataifa, Geneva, kabla sijafika miaka 35. Nililipenda jedwali lile. Nilimwonyesha baba, akalisoma mstari kwa mstari, akasema sawa, familia itachanga.

Sasa limekwama mstari wa kwanza. Nimetuma maombi kwa kampuni za ushauri wa kihandisi, kwa mashirika ya maendeleo, hata kwa ofisi ambazo hazikutangaza nafasi. Majibu ni yale yale ya adabu: tunakushukuru, tumempata mwingine, tunakutakia kila la heri. Profesa anayesimamia tasnifu yangu (inahusu ramani za mafuriko, nimechukua yale ya Julai 2021 ya bonde la mto Ahr) aliniambia waziwazi kwamba bila Kijerumani nitahangaika. Mimi najiuliza, nijifunze lugha ngumu namna hii ya nini wakati nitaondoka baada ya miaka miwili? Si heri saa hizo niziweke kwenye Kifaransa, ambacho Geneva na Kanada wanakitaka?

Jumamosi na Jumapili nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Narudi chumbani usiku, mgongo hauniruhusu hata kufungua kitabu. Marafiki zangu wote ni wageni kama mimi. Tunakutana, tunalalamika, tunaagana. Mmoja ameniambia niombe tu uzamivu, hata kama siupendi utafiti, ili kibali cha kuishi kisogee miaka mingine. Mwingine amenipa namba ya wakala anayesema ataniingiza Kanada moja kwa moja, akilipwa kwanza ada ya kufungua faili.

Nyumbani wanauliza kila wiki nimepata kazi wapi. Nikisema bado natafuta, simu inanyamaza kidogo, halafu mama anabadilisha mazungumzo. Siku hizi simu ikiita naiangalia mpaka inakata.

Nisaidie Shangazi. Nijifunze Kijerumani, au nimalize haraka nikajaribu Kanada? Uzamivu wa kununua muda una ubaya gani? Na nyumbani niseme nini? Nimekuambatishia wasifu wangu na barua ninayotuma kwa waajiri.

Binti wa Jedwali

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu.

Nimelisoma jedwali lako ulivyolieleza, na nina swali moja juu yake. Lina safu ya nchi, lina safu ya miaka, hata umri wako umo. Safu ya kazi iko wapi? Sijaona popote ulipoandika kwamba Jumanne saa nne asubuhi, ukiwa Geneva, utakuwa umekaa mezani unafanya nini. Watu waliozunguka nchi nne tano kikazi, ukiwauliza vizuri, wengi wao hawakupanga nchi. Walikuwa hodari wa jambo moja mahali pamoja, mpaka mtu wa mahali pengine akalihitaji jambo lile na kuwaita. Nchi zilifuata kazi.

Na jambo hilo wewe unalo, ila umelificha. Wasifu wako unaanza hivi: "Kijana mwenye ari na mchapakazi, anayetamani kuleta mabadiliko chanya duniani kupitia sekta ya maji." Mwombaji yeyote duniani anaweza kuandika sentensi hiyo, na wengi wameiandika. Nikashuka, nikapita semina, nikapita vyeti vya siku moja, nikapita uongozi wa chama cha wanafunzi. Chini kabisa, mstari mmoja juu ya mambo unayopenda kufanya ukipumzika, ndipo nikakuta: tasnifu, HEC-RAS (programu ya kuiga mwendo wa maji), QGIS (programu ya kuchora ramani), mto Ahr. Mwajiri anatafuta mstari huo, na amekwisha kuchoka kabla hajaufikia.

Ifute aya ile ya kwanza. Andika badala yake: "Natengeneza ramani za hatari ya mafuriko. Katika tasnifu yangu nimeunda modeli ya mto Ahr kwa HEC-RAS na kuilinganisha na mafuriko ya Julai 2021." Basi. Vyeti vya semina vipunguze, vibaki vile vinavyohusu kazi hiyo. Na barua yako usiitume ile ile kila mahali. Nimeona umeandika "kampuni yako tukufu" kwa ofisi ambayo ni idara ya serikali.

Nakuambia hivi kwa sababu ujuzi wako una miguu kuliko unavyodhani. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2007 sheria inayozitaka nchi wanachama zitengeneze ramani za hatari ya mafuriko na kuzipitia upya kila baada ya miaka sita. Kazi ya namna hiyo haina mwisho, na ni ile ile katika nchi 27. Mafuriko unayoyasoma yaliua watu zaidi ya 180 Ujerumani peke yake, na tangu hapo hata halmashauri ndogo zenye vijito visivyojulikana zinauliza maji yatafika nyumba ya ngapi. Programu unazotumia ni zile zile pia. HEC-RAS imetengenezwa na jeshi la Marekani na inapakuliwa bure, QGIS vivyo hivyo ni ya bure, na mtu aliyeijulia Ujerumani hafundishwi upya akifika bara jingine. Mwanasheria hana bahati hiyo. Akivuka mpaka sheria zake zinabaki nyuma.

Sasa Kijerumani. Hapo mimi niko upande wa profesa wako.

Serikali haikulazimishi. Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, ambayo ndiyo kibali kinachowafaa wahitimu kama wewe, hutolewa bila mtihani wa lugha. Hata ndani ya ofisi za wahandisi Kiingereza utakisikia. Tatizo linakuja ramani ikishakamilika. Lazima mtu aipeleke kwenye kikao cha halmashauri, amweleze meya kwa nini shule imeangukia eneo jekundu, ajibu maswali ya mkuu wa zimamoto, amsikilize mama anayetaka kujua kama nyumba aliyoirithi imeshuka thamani. Kikao hicho hakiendeshwi kwa Kiingereza. Anayesoma maombi yako anakupiga picha umekaa pale kimya, mwenzako anatafsiri, na anachukua faili linalofuata. Hasemi hivyo kwenye barua ya kukukatalia, anakutakia kila la heri.

Faida nyingine ni ya karibu zaidi. Mwenye Kadi ya Buluu aliyefika kiwango cha B1, yaani Kijerumani cha kati, anaweza kuomba makazi ya kudumu Ujerumani baada ya miezi 21 ya kazi. Mwenye A1, kile cha mwanzo kabisa, anasubiri miezi 27. Na wewe unayetaka mambo ya kimataifa, je, unajua kwamba tume ya nchi za bonde la mto Rhine, iliyoundwa mwaka 1950, ina sekretarieti yake Koblenz, huko huko Ujerumani, na kwamba Kijerumani ni mojawapo ya lugha zake za kazi? Ahr ni tawi la Rhine. Uko jirani na mlango na unatafuta funguo za mlango wa mbali.

Kuhusu Kifaransa hujakosea kabisa. Ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, Kijerumani hakimo, na Kanada inakupa alama kwa Kifaransa. Lakini Geneva watataka kwanza miaka ya kazi, na miaka hiyo utaipata mahali ulipo sasa. Kifaransa kitakuja kwa zamu yake. Chuo chako bila shaka kina kozi za Kijerumani za bei nafuu au za bure kwa wanafunzi. Jiandikishe sasa, usingoje tasnifu iishe. Kutoka kwenye kuulizia basi hadi B1 ni kazi ya mwaka mzima kwa mtu mwenye masomo mengine, na kwako mwaka huo ulipaswa kuwa umeshaanza.

Twende kwenye kalenda, maana humo ndimo wanafunzi wengi wa nje wanapoumia. Sheria ya Ujerumani inampa mhitimu wa chuo cha Ujerumani hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yake, na katika kipindi hicho anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ile ili aishi, bila kikomo cha siku. Saa hiyo inaanza kukimbia unapopewa taarifa ya matokeo. Kwa hiyo usikimbilie kuwasilisha tasnifu ili tu useme umemaliza. Ukikimbia ukamaliza bila lugha na bila jina lako kujulikana ofisi yoyote, miezi ya mwanzo utaila darasani kujifunza ulichoweza kujifunza ukiwa bado mwanafunzi. Wala usiiburuze mpaka kibali cha masomo kikuishie mkononi. Peleka ombi la kibali kipya kabla cha zamani hakijaisha. Ukifanya hivyo, haki yako ya kukaa inaendelea wakati ofisi ya wageni inakushughulikia, na unaweza kuomba karatasi inayothibitisha hilo, wanayoiita Fiktionsbescheinigung. Miadi katika ofisi hizo hupatikana kwa kusubiri, sehemu nyingine kwa kusubiri sana, na watakutaka uonyeshe unajikimu kwa fedha gani. Andika tarehe ya mwisho wa kibali chako kwenye karatasi, ibandike ukutani.

Ghala nalo linakula kalenda hiyo hiyo. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280. Kila Jumamosi unayobeba vifurushi inahesabiwa humo. Kazi ya msaidizi chuoni haihesabiwi. Sikulaumu kwa ghala, kodi ya chumba hailipwi kwa ndoto, lakini nenda kwa profesa wako wiki hii. Usimwulize kama kuna kazi, swali hilo ni rahisi kulijibu hapana. Mwulize nani katika idara ana data za mafuriko zinazohitaji kusafishwa, na umwambie una siku mbili kwa wiki. Akikosa, tafuta nafasi ya mwanafunzi mfanyakazi kwenye ofisi ya wahandisi. Muhula ukiendelea wengi huchukuliwa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki. Mshahara unaweza kulingana na wa ghala. Tofauti ni kwamba huko mtu atakujua kwa jina, na wahitimu wengi huajiriwa na wanaowajua. Ukiondoka ghalani pia, dai cheti chako cha kazi cha maandishi. Ni haki ya kila mfanyakazi Ujerumani.

Ukipata kazi yenye mshahara unaofikia kiwango cha Kadi ya Buluu (kwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu, mwaka 2025 kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya kodi, na hubadilishwa kila mwaka), mlango mwingine unafunguka ambao kwenye jedwali lako haumo. Baada ya miezi 12 na kadi hiyo unaweza kuhamia kazi ya kitaaluma katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kwa utaratibu mwepesi zaidi, isipokuwa Denmark na Ireland ambazo hazimo katika mpango huo. Huko nako ramani za mafuriko zinapitiwa upya.

Geneva sitaikalia muda mrefu. Umoja wa Mataifa sasa hivi umebana mkanda. Mwaka 2025 mashirika yake mengi yalipunguza watumishi baada ya wafadhili wakubwa, Marekani ikiwa mbele, kufunga mifuko. Haina maana uifute. Ina maana usiifanye kuwa mpango pekee. Mpango wa vijana wa kitaalamu wa sekretarieti una ukomo wa miaka 32 na hupokea raia wa nchi zilizo kwenye orodha ya mwaka husika, kwa hiyo angalia kila mwaka kama nchi yako imo. Mafunzo kwa vitendo katika sekretarieti hayalipwi, na mlango wake hufungwa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Na tazama mji wa Bonn, ambao hauko mbali na bonde unalolisoma. Makao makuu ya mpango wa watu wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa yako hapo, sekretarieti ya mkataba wa mabadiliko ya tabianchi iko hapo, na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kina taasisi hapo inayoshughulika na mazingira na usalama wa binadamu. Umekuwa ukiitazama Geneva kwa darubini huku Bonn iko dirishani.

Uzamivu wa kununua muda, hapana. Si kwamba uzamivu ni mbaya. Ujerumani wengi huufanya wakiwa wameajiriwa na chuo kwa mkataba na mshahara, na kwa anayependa utafiti ni kazi nzuri. Wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba huupendi. Miaka mitatu, minne, mitano ya kuamka na kitu usichokipenda, kwa ajili ya muhuri ambao sheria tayari imekupa kwa miezi 18 bila kuandika hata sura moja? Aliyekushauri ana hofu yake, amekuazima.

Hao marafiki wa kulalamika usiwaache, kila mgeni anawahitaji. Ila ongeza watu wawili watatu wasiojua habari za vibali. Ukijiunga na kwaya, timu ya kukimbia, au kikosi cha zimamoto cha kujitolea (Ujerumani vimejaa hata vijijini, na mafuriko ndiyo kazi yao), utapata Kijerumani ambacho kozi haitakupa, na utapata watu wa kukuuliza hali bila kukuuliza kazi.

Nyumbani sasa. Ukimya ule wa simu unatokana na kwamba hawajui wangoje mpaka lini. Walichanga kwa jedwali lenye tarehe, halafu tarehe zikapotea, wewe ukaacha kupokea simu, wao wakajaza nafasi hiyo kwa mawazo yao. Wape tarehe mpya. Mpigie baba wewe mwenyewe, siku ambayo hujachoka, umwambie: "Baba, masomo yanaisha mwezi fulani. Baada ya hapo sheria ya huku inanipa miezi 18 ya kutafuta kazi, sijachelewa. Mwaka huu najifunza lugha yao kwa sababu bila hiyo hawaniajiri. Nitakupa taarifa kila mwisho wa mwezi, na katikati ya mwezi tuongee mambo mengine." Kama walichanga na wanatarajia kurudishiwa, sema pia utaanza kurudisha lini na kwa kiasi gani, hata kama ni kidogo. Usiahidi Kanada tena mpaka uwe na kitu mkononi. Mama atazoea haraka kuliko unavyofikiri. Yeye alikuwa anabadilisha mazungumzo ili kukulinda wewe.

Nimebakiza Kanada na huyo wakala. Kibali cha kazi baada ya masomo cha Kanada ni cha waliosoma Kanada, hivyo wewe hakikuhusu. Kwa mtu aliye nje, njia inayojulikana zaidi ni Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa alama, na kwa mpango wake wa wafanyakazi wenye ujuzi unatakiwa uwe na angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya kitaaluma. Kupanga vifurushi hakuhesabiwi. Kazi ya uhandisi Ujerumani inahesabiwa. Kwa maana hiyo kumaliza haraka na kukimbilia Kanada kungekufikisha huko mikono mitupu, na umri bado unakuruhusu, kwani alama za umri ziko juu kabisa mpaka miaka 29. Kujiandikisha kwenye mfumo wenyewe ni bure, unajaza mwenyewe. Mtu anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha katika uhamiaji wa Kanada lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa au mshauri aliye kwenye daftari la College of Immigration and Citizenship Consultants, na daftari hilo liko wazi mtandaoni kwa kila mtu. Mwombe jina lake kamili na namba ya usajili, ulitafute mwenyewe. Kama si mwanasheria aliyesajiliwa na humo hayumo, au akianza kukueleza kwa nini hayumo, usimtumie hata senti, na mwambie na rafiki aliyekupa namba yake.